Uwazi wa chini ya mlango wa fremu unakula mtaji polepole

Leo siongelei mauzo wala namna ya kudai wateja wa mkopo. Naongelea mlango. Hasa ule uwazi unaobaki kati ya mlango na sakafu, ambao fundi akimaliza kuchomelea anakuambia "huu ni kwa ajili ya mlango usikwame", anachukua hela yake anaondoka.

Mimi niko Makambako, nina fremu ya steshenari na kutoa kopi. Anayeijua Makambako anaujua upepo wake. Mji uko pale barabara ya kwenda Zambia inapoachana na ile ya Njombe na Songea, malori hayakatiki, vumbi linanyanyuka na upepo unalisukuma moja kwa moja milangoni. Watu wa umeme walishakuja huku kupima upepo wakifikiria kuuzalishia umeme, kwa hiyo sio mimi peke yangu ninayelalamika. Ukija mwezi wa 6 mpaka wa 8, hapo baridi nayo inaongezeka, unauza huku umevaa koti na soksi mbili.

Chukua rula upime mlango wako. Tuseme una upana wa sentimita 90 na uwazi wa chini ni sentimita 2. Zidisha, unapata 180. Yaani ni sawa na mtu aje atoboe tundu la sentimita 12 kwa 15 kwenye ukuta wa duka lako. Tundu hilo ungeliona ukutani ungeita fundi kesho yake asubuhi. Kwa kuwa liko chini na limelala, tunaliona la kawaida.

Wengine watasema, "Mlango wa duka mchana kutwa uko wazi, kuziba chini kunasaidia nini?" Swali zuri. Mimi nafunga saa 2 usiku nafungua saa 12 asubuhi. Hayo ni masaa 10 ambayo sipo, na ndiyo masaa ya panya. Mchana wenyewe upepo ukizidi nafunga bawa moja la mlango na jingine naliegesha, wateja wameshazoea. Kwa biashara ya kopi vumbi ni adui mkubwa. Likitua kwenye kioo cha mashine, kopi inatoka na mstari mweusi, mteja anakataa kulipa, na ana haki. Karatasi nazo zikinyonya unyevu wa usiku zinajikunja na kukwama ndani ya mashine. Mwenye unga, mchele au nguo ana hasara zake za aina hiyo, azihesabu mwenyewe.

Kabla ya kununua chochote, angalia bawaba. Mlango ukilegea bawaba, kona ya upande wa kitasa inashuka, ya upande wa bawaba inabaki juu. Ukiziba mlango wa namna hiyo, upande mmoja utasugua sakafu na mwingine utabaki na uwazi. Rekebisha bawaba kwanza. Halafu funga mlango, pima uwazi sehemu tatu: pembeni huku, pembeni kule na katikati. Sakafu zetu hizi za saruji haziko sawa, usipime sehemu moja ukaridhika.

Kuna kipimo kingine cha bure. Penseli. Kama penseli inapita chini ya mlango, panya mdogo naye anapita, maana anahitaji kama milimita 6 tu. Kichwa kikipita, mwili unafuata. Na usiku zima taa, kaa ndani, mwambie mtu amulike tochi kwa nje. Kila unapoona mwanga, hapo upepo unaingia. Usishangae ukikuta mwanga katikati ya mabawa mawili ni mkubwa kuliko wa chini.

Sasa njia zenyewe. Ya bure kabisa ni mguu wa suruali kuukuu ya jinzi, unaujaza mchanga mkavu au pumba za mpunga, unashona ncha zote mbili na kuulaza mlangoni. Nyumbani unafanya kazi vizuri sana. Dukani una tatizo moja ambalo watu hawalifikirii: sisi tunafunga kwa nje. Ukishatoka na kufunga kufuli, nani atausogeza ukae vizuri mlangoni? Labda uwe na mtu analala ndani. Wapo wanaoshona miguu miwili ikaunganishwa na kitambaa kinachopita chini ya mlango, mmoja ndani mmoja nje, inatembea pamoja na mlango. Kwenye vigae laini inaenda. Kwenye saruji ya kukwaruza inachanika mapema. Panya ndiyo kabisa, anatafuna jinzi kama mkate.

Njia ninayoitumia mimi ni mpira. Huku malori ni mengi, kwa hiyo ile mipira mizito inayoning'inia nyuma ya matairi kuzuia matope inapatikana kwa mafundi ikiwa imechakaa upande mmoja. Ni minene, haikunjiki ovyo kama tyubu ya baiskeli. Nilikata vipande viwili vya kutosha mabawa yote mawili, upana sentimita 7. Juu yake unakandamiza kipande chembamba cha chuma bapa, unatoboa, unafunga skrubu kila baada ya sentimita 15 hivi. Hicho chuma usikiache. Ukifunga mpira peke yake, skrubu zinauvuta, unafanya mawimbi, na kila wimbi ni mlango wa panya.

Mpira uguse sakafu na kujikunja kidogo tu, kama milimita 2 au 3. Ukiushusha sana mlango unakuwa mzito na mpira unaisha haraka. Urefu wake uupunguze kidogo kuliko upana wa mlango usije ukang'ang'ania kwenye nguzo za pembeni. Na uufunge upande ule mlango unakofungukia. Wangu unafungukia nje, mpira uko nje. Kwa mlango wa kufungukia ndani, sukuma kwanza mpaka mwisho ukiangalia sakafu, kwa sababu sakafu nyingine inapanda kuelekea ndani, mpira utakwama katikati ya safari.

Gharama kwa bei za hapa kwetu: mpira sh. 4,000, chuma sh. 5,000, skrubu sh. 1,000, na kijana wa kutoboa sh. 3,000. Jumla 13,000. Rimu mbili za karatasi zikiliwa pembeni na panya hela hiyo imeshapita.

Mpira unapunguza panya, haumalizi. Panya buku akiamua, anatafuna. Kama unauza nafaka, mwambie fundi akuchomelee kipande cha bati nene chini ya mlango kishuke mpaka kibaki uwazi ambao penseli haipiti, kisha mpira ndio umalizie vumbi na upepo. Na kama shida yako ni maji ya mvua, mpira pekee utakuangusha. Hapo unahitaji kizingiti cha saruji, hata cha sentimita 3, kikiwa na mteremko wa kutoa maji nje. Ila kipakwe rangi inayoonekana, maana wazee wanajikwaa.

Mwenye fremu umwambie kabla. Mlango ni wake. Wangu nilipomweleza alisema, "Weka kwa hela yako, ukihama uniachie." Nikakubali, maana mpira wa 4,000 sihami nao.

Hapa sasa naomba usome taratibu, hasa ninyi mnaolala kwenye fremu. Kuna kijana jirani yangu anatengeneza simu. Analala humohumo dukani kulinda vitu vya wateja, na baridi ikikaza anaingiza jiko la mkaa. Alipoona mlango wangu akaja, "Kaka, nisaidie na mimi nizibe, upepo unaniua." Nikamuuliza, jiko je? Akasema analiweka karibu na mlango, moto ukishakuwa mwekundu hauna moshi. Kwani akiamka anajisikiaje? Kichwa kinagonga, kizunguzungu, wakati mwingine kichefuchefu, mpaka akae nje kidogo ndipo anapata nafuu. Yeye alidhani ni baridi.

Sio baridi. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na mkaa mwekundu usio na moshi bado unaitoa. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu anasinzia, anashindwa kuamka. Nilimwambia wazi kwamba mlango wake sigusi mpaka jiko litoke. Akabisha, akaniambia namnyima ujanja wangu. Tulikaa siku 4 bila kusalimiana vizuri. Siku ya tano akaja na godoro la pili na blanketi zito, akaniambia jiko amelirudisha nyumbani kwa dada yake. Jioni hiyohiyo tukafunga mpira, na wiki iliyofuata aliniambia mwenyewe kichwa kimeacha.

Na usije ukasema, "Basi mimi nitauacha ule uwazi ili niendelee na jiko." Ule uwazi haukulindi. Chumba cha kulala chenye mkaa unaowaka ni hatari, umeziba au hujaziba. Jenereta pia, usiwashe ndani ya fremu hata kama umefungua mlango. Kama unapika chai dukani kwa mkaa, pikia nje barazani, kisha uingize birika.

La mwisho ni matunzo. Matundu ya skrubu kwenye mpira usiyatoboe duara, yatoboe marefu kidogo ya kusimama. Mpira utaisha pale mlango unaposugua zaidi, wangu ulianza upande wa kitasa baada ya miezi 7. Sikununua mwingine. Nililegeza skrubu, nikaushusha milimita 4, nikakaza tena, ikanichukua dakika 10 na bisibisi. Kila mwisho wa mwezi nikihesabu mali napitisha na ile penseli chini ya mlango.