Dawa Mpya Yataka Kura: Somo Kutoka Karagwe

Mtoto mwenye malaria akinywa dawa mseto na homa ikashuka kesho yake, mzazi huridhika. Mtafiti hana ruhusa ya kuridhika mapema hivyo, kwani homa yaweza kushuka hali vimelea vingalimo katika damu.

Ndivyo ilivyoonekana wilayani Karagwe mwaka 2022. Katika zahanati ya Bukangara, watafiti waliwatibu watoto 176, wengine kwa artemetha na lumefantrini, wengine kwa atesuneti na amodiakwini, wakawa wanaipima damu yao kwa hadubini. Siku ya tatu, katika kila kundi, zaidi ya mtoto mmoja kati ya kumi alikuwa bado na vimelea. Badiliko la urithi liitwalo R561H, ambalo Rwanda ililitangaza mwaka 2020, lilikuwamo. Hata hivyo, kufikia siku ya 28 karibu watoto wote walikuwa wamepona, maana dawa mwenzi katika mseto ilimalizia kazi.

Lakini tuseme mtoto ameugua tena siku ya ishirini. Je, dawa imeshindwa, au ameumwa na mbu mwingine? Hapo vinasaba vya vimelea vya siku ya kwanza hulinganishwa na vya siku hiyo. Bila kipimo hicho, dawa njema ingesingiziwa.

Sasa patafutwe tiba mpya ya kulinganishwa na ya zamani, Karagwe na jirani yake Kyerwa. Mganga akiitoa siku ya gulio na ile ya zamani siku nyingine, amekwisha kuharibu jaribio: siku ya gulio huja watoto wa mbali, pengine waliocheleweshwa nyumbani. Kura ndiyo dawa ya upendeleo huu, nayo iwe katika bahasha iliyofungwa, isifunguliwe kabla mzazi hajakubali. Mpima damu naye asijue nani alipewa nini. Anayezidiwa atibiwe mara moja kwa dawa nyingine, na jina lake lisifutwe katika hesabu.

Hesabu yenyewe ni nzito kuliko watu wadhaniavyo. Kutofautisha kwa uhakika tiba inayoponya asilimia 98 na inayoponya asilimia 95, huhitajiwa wagonjwa karibu 600 kila upande. Zahanati moja haiwapati kwa msimu mmoja wa mvua.