Makumbusho yakija Mbamba Bay, nani atakula?

Ukitaka kujua kama makumbusho yanalipa, nenda Songea mwezi wa pili. Wageni humiminika Makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani Februari 27, 1906. Hapo gesti zinajaa, mama lishe anaongeza sufuria, na mwenye bodaboda hana muda wa kupiga soga.

Sasa najiuliza, kwa nini Songea peke yake? Vitu hivyo vipakiwe kwenye lori, vipite Mbinga, viteremke mpaka Mbamba Bay, vikae japo wiki mbili.

Na asikudanganye mtu kwamba huku ziwani hatuna la kuonyesha. Agosti 1914, pale Liuli, meli ya Waingereza, Guendolen, iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani ikiwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Nahodha wa Kijerumani hakuwa hata na habari kwamba vita imeanza! Muulize kijana wa kidato cha nne habari hiyo, atakukodolea macho tu. Wamatengo nao wana ngoro, yale mashimo ya kulimia milimani yanayozuia udongo usiporomoke.

Hela za wageni zitaisha mara moja. Faida itakayobaki ni mtoto kujua ya kwao. Ila kuna sharti: bibi akitoa chungu chake kikaonyeshwe, jina lake liandikwe, na chungu kirudi. Lori likiondoka nacho, jamani, tutakaokuwa tumeliwa ni sisi!