Nyundo au Bunduki ya Misumari?

Ajengaye nyumba ya mbao huko Mubi, wilayani Walikale, huanza kwa kusimamisha kiunzi: nguzo za pembe, mihimili ya chini na ya juu, kisha kenchi za paa. Mbao za kuta na mabati huja baadaye. Ubao wa ukuta ukioza, hutolewa ukawekwa mwingine; lakini kiunzi kikilegea, nyumba nzima imeharibika. Nacho kiunzi hicho, pamoja na ukubwa wake wote, hushikwa na kitu kidogo sana, yaani msumari. Basi si jambo dogo kuuliza msumari huo upigwe kwa chombo gani.

Siku hizi vijana maseremala huona katika simu zao picha za mafundi wa Ulaya na Marekani wakijenga kwa mashine izamishayo msumari mzima kwa kishindo kimoja. Huiita bunduki ya misumari. Juu ya sanduku lake huandikwa kwa Kifaransa "cloueur". Kijana akiisha kuona hayo, humwendea baba yake akamwomba wainunue, kazi ipate kwisha upesi. Baba hubaki njia panda, kwa kuwa fedha ya mashine ndiyo fedha ya karo na ya dawa. Tulitazame jambo hili polepole.

MASHINE HULA NINI?

Anunuaye mbuzi hufikiri kwanza malisho. Anunuaye mashine naye na afanye vivyo hivyo.

Bunduki hizi ni za namna tatu. Ya kwanza huendeshwa kwa hewa. Yataka kompresa, mashine ya jamii ile ile ijazayo upepo matairi ya pikipiki, lakini yenye tangi la kutosha na nguvu ya bar 5 hadi 8. Bunduki yenyewe ni imara, nayo hudumu ikitiwa matone machache ya mafuta kila siku. Lakini kompresa hula umeme au petroli.

Ya pili huendeshwa kwa betri. Haina mpira wa kuburuta, nayo hubebwa hata juu ya paa. Lakini bamba la jua liwashalo taa mbili na kujaza simu halitoshi kuilisha betri hiyo siku baada ya siku. Tena betri huzeeka, na mpya sharti iwe ya kampuni ile ile iliyotengeneza mashine.

Ya tatu hutumia gesi iliyotiwa katika kopo dogo, pamoja na betri ndogo. Kopo likiisha hutupwa, likanunuliwa jingine. Na gesi iwakayo haipokelewi katika mizigo ya abiria wa ndege. Watu wa Walikale wanajua maana yake, kwa maana kwa miaka mingi bidhaa zao zilitoka Goma kwa ndege ndogo zilizotua juu ya barabara huko Kilambo. Mahali ambapo mzigo hungoja ndege, au lori lililozama matopeni, mashine ya namna hii yaweza kulala njaa miezi mizima.

MISUMARI YAKE

Wengi husahau jambo hili, nalo ndilo kubwa. Bunduki haipokei misumari iuzwayo kwa kilo sokoni. Yataka misumari iliyopangwa mstari na kushikamanishwa kwa karatasi, plastiki au waya, tena kwa mwinamo wake maalumu: nyuzi 15, 21, 28 au 34. Iliyofanyizwa kwa mwinamo mmoja hukataa mwingine. Nyingi hazipokei msumari uzidio sentimeta 9, na huku seremala wetu akiunga nguzo nene hutaka wa 10 au 12. Kwa hiyo usiulize bei ya mashine kabla hujauliza: misumari yake inauzwa wapi, na itakapokwisha nitaipata lini?

Kuna neno jingine. Misumari mingi ya bunduki hupakwa utomvu unaoyeyuka kwa joto la msuguano msumari unapoingia, kisha ukaganda na kuushika ubao kwa nguvu. Ni jambo jema kwa nyumba isiyohama. Lakini katika Kivu nyumba ya mbao ni mali ihamishwayo. Hubomolewa ubao kwa ubao, ikachukuliwa, ikasimamishwa mahali pengine. Baada ya moto wa Nyiragongo wa tarehe 17 Januari 2002, na tena wa tarehe 22 Mei 2021, jamaa nyingi za Goma zilianza upya. Mwezi wa Machi 2025, waasi wa M23 walipouteka mji wa Walikale, watu wengi waliziacha nyumba zao wakakimbia. Mtu wa namna hiyo, akirudi kujenga, huhesabu kila ubao na kunyosha kila msumari wa zamani. Nyundo huupokea msumari ulionyoshwa, ingawa heri utumike ukutani kuliko katika kiunzi. Bunduki haitaupokea kamwe.

HATARI YAKE

Jina la bunduki si la mzaha. Katika Marekani, mwongozo uliotolewa mwaka 2011 na ofisi za serikali zichungazo usalama wa wafanyakazi ulikadiria kwamba kila mwaka watu 37,000 hupelekwa hospitali kwa kuumizwa na mashine hizi. Mikono na vidole ndivyo viumiavyo zaidi.

Zipo za vifyatulio viwili. Moja hutaka kwanza mdomo wake ugandamizwe juu ya ubao, kisha kidole kifyatue. Kwa kila msumari mambo hayo mawili hurudiwa. Nyingine, kidole kikikaa juu ya kifyatulio, hupiga kila mara mdomo unapogusa kitu, hata kama ni goti la mwenzako. Mwongozo huo huo wasema ya pili huumiza mara mbili kuliko ya kwanza. Anayenunua na achague ya kwanza, hata akiambiwa ni ya polepole.

Tena msumari waweza kupenya ubao mwembamba na kutokea upande wa pili. Kwa hiyo watoto wasikae nyuma ya ukuta unaopigiliwa, na fundi avae miwani. Msumari ukimwingia mtu kwa kina, msiuchomoe nyumbani. Mpelekeni kwa mganga wa hospitali, apate na sindano ya pepopunda.

NANI AINUNUE?

Baba ajengaye nyumba moja ya jamaa yake, asiinunue. Atakuwa ameilisha mashine kwa fedha ya mabati. Lakini maseremala watano au sita wanaojenga nyumba nyingi mwaka mzima, wenye kompresa na mahali pa hakika pa kununulia misumari, wanaweza kuchanga fedha na kuimiliki pamoja. Hao na wachague ya hewa, yenye kifyatulio cha msumari mmoja mmoja.

Wengine wote, nyundo nzuri yenye makucha itawatosha, wakishika kanuni chache. Msumari uwe na urefu wa mara mbili na nusu au tatu ya unene wa ubao unaoshikwa. Usipige karibu mno na ukingo. Mbao ngumu kama mvule zitobolewe kwanza tundu jembamba. Msumari uliopigwa katika kichwa cha ubao, kufuata nyuzi zake, hushika kidogo tu; ni afadhali upigwe mshazari kutoka ubavuni. Mbao mbichi zianikwe kivulini, kwa maana zikikauka baadaye hunywea na misumari hulegea. Na katika nchi ya mvua kama Walikale, palipo wazi kwa maji itumike misumari iliyopakwa zinki isishikwe upesi na kutu.

Mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pius XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Mtakatifu huyo aliilisha Jamaa Takatifu kwa vyombo vya mkono vya useremala, na hakuna aliyemhesabu kuwa fundi duni kwa sababu hiyo. Basi, baba wa nyumba, usimwonee haya kijana wako unapomwambia ashike nyundo. Mwambie sababu, umhesabie gharama mbele yake, kisha mpigilie pamoja nguzo ya kwanza.