Bwawa la Mlima wa Meza na Waliobeba Maji Kabla Yake

Mtu akipanda Mlima wa Meza, huko Cape Town, Afrika Kusini, kwa njia inayoanzia Constantia Nek, hutembea saa mbili hadi tatu kabla hajafika kwenye ukuta mkubwa wa mawe uliozuia kijito cha Disa. Hapo ni juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 700. Wapandaji hupumzika ukingoni, hupiga picha, hula walichobeba, kisha huendelea. Nasi tulifika na watoto wetu siku ya mapumziko, na swali la kwanza la mdogo wao lilikuwa ni kwa nini maji yale yana rangi ya chai ya mkandaa. Si uchafu. Ni rangi ya majani na mizizi ya vichaka vya mlimani, ambamo mvua hupita kabla ya kuingia bwawani.

Kabla ya kuwepo bwawa, maji ya mji huo yalishuka yenyewe. Waholanzi waliotia nanga mwaka 1652 walipachagua mahali pale kwa kuwa vijito vya mlima viliweza kujaza mapipa ya merikebu zao. Kazi ya kuteka na kubeba iliangukia mabegani mwa watumwa, ambao wengi wao walichukuliwa kutoka visiwa vya Indonesia, Bara Hindi, Bukini na Msumbiji. Hata baada ya utumwa kukomeshwa, wanawake wa mji, na miongoni mwao Waislamu wengi, waliendelea kupanda hadi kijito cha Platteklip na matita ya nguo za watu vichwani, wakafua juu ya mawe na kuanika majanini. Kijito kimoja kilikuwa kisima, dobi na riziki ya nyumba nyingi.

Lakini mji ulikua, hasa baada ya almasi kugunduliwa huko Kimberley, na mvua za Rasi hunyesha wakati wa baridi. Kiangazi kikifika, vijito hukonda. Ndipo Halmashauri ya mji ilipogeukia upande wa pili wa mlima. Kati ya mwaka 1888 na 1891 lilichimbwa handaki la kuyaelekeza maji ya Disa upande wa magharibi, kisha yakateremshwa kwa mabomba hadi mjini. Handaki hilo, hata hivyo, halikuweza kuhifadhi mvua ya Julai kwa ajili ya kiu ya Februari. Mwaka 1894 ujenzi wa bwawa ukaanza, chini ya mhandisi kutoka Uskochi, Thomas Stewart.

Hapa ndipo penye maajabu. Hapakuwa na barabara. Ilitandazwa kamba ya chuma ya angani kutoka upande wa Camps Bay, ufukweni, hadi juu ya bonde la Kasteelspoort, nayo ikapandisha wafanyakazi na vifaa. Mawe yalichongwa huko huko mlimani. Mwaka 1897 ukuta wenye kimo cha mita 44 ulikamilika, na nyuma yake zikakusanyika karibu lita bilioni 1. Mji haukutosheka: mwaka 1904 bwawa la pili likamalizika, jirani kabisa na la kwanza. Garimoshi dogo la mvuke lililovuta mizigo ya ujenzi lingali huko juu katika jumba la makumbusho, na mwanetu mkubwa hakutaka kuliacha.

Bwawa la kwanza liliitwa Woodhead, kwa jina la meya. La pili Hely-Hutchinson, kwa jina la gavana. Hakuna lililopewa jina la mfuaji hata mmoja. Chini ya mlima, upande wa Constantia, liko kaburi la Sheikh Abdurahman Matebe Shah, aliyeletwa uhamishoni na Waholanzi katika miaka ya 1660. Wenyeji husimulia kuwa alikuwa akiwafundisha watumwa dini kando ya kijito. Wapandaji wengi huanza safari yao karibu na hapo.

Leo mabwawa ya mlimani hayafikii hata asilimia 1 ya hazina ya maji ya mji. Bwawa moja la Theewaterskloof, mbali huko mashariki, hubeba zaidi ya nusu. Na hazina hiyo nayo ilikaribia kukauka. Kuanzia tarehe 1 Februari 2018 kila mkazi aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku: za kunywa, kupika, kuoga, kufua, kutawadha na choo. Watu wakarudia desturi ya mababu, wakapanga foleni mchana na usiku kwenye chemchemi ya Newlands, chini ya mlima ule ule, na madumu mikononi.

Adhuhuri ilitukuta karibu na ukuta. Kuogelea bwawani hakuruhusiwi, kwa kuwa maji yale bado hunywewa, na watoto wakadhani tungetayamamu. Tuliwakumbusha kuwa Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja tu, yaani kiasi cha robo tatu ya lita au pungufu yake. Tukatoa chupa mbili mfukoni, tukatawadha sote watano, na maji ya kunywea njiani yakabaki.