Waliobeba Mitungi ya Hewa

Wengi wetu tumewahi kuuguza jamaa hospitalini, tukauona ule mtungi mrefu wa chuma uliosimama kando ya kitanda, na mpira mwembamba ukitoka juu yake kwenda puani mwa mgonjwa. Tumesikia maji yakitoa mapovu ndani ya kichupa, nasi tukamshukuru Mungu kwamba hewa ipo. Lakini ni wangapi kati yetu waliopata kuuliza ni nani aliyeipima hewa hiyo? Nani aliyeamua kwamba mgonjwa huyu apewe lita mbili kwa dakika, na yule wa kitanda cha pili apewe lita sita?

Katika hospitali zetu za Afrika Mashariki kazi hiyo kwa kawaida ni ya nesi na daktari, pamoja na kazi zao nyingine mia moja. Huko Marekani wapo watu waliosomea jambo hili peke yake, nao huitwa wataalamu wa tiba ya upumuaji. Wana shule zao, mitihani yao na leseni zao. Mambo hayo yote yalitokana na chama kidogo kilichoanzishwa katika mji mmoja tu, mji wa Chicago, na watu ambao wakati huo hawakuhesabiwa kuwa wataalamu wa chochote.

Huenda msomaji akasema, "Chama cha mbali namna hiyo kinatuhusu nini?" Kinatuhusu sana sisi akina mama, kwa sababu ndani ya historia yake mna masista, mna watoto wachanga, na mna jambo moja la huzuni ambalo kila mama aliyejifungua kabla ya wakati anapaswa kulijua.

KAZI YA KUKOKOTA

Yafaa kwanza tueleze hali ilivyokuwa. Katika miaka ya 1920 daktari mmoja wa New York, Alvan Barach, alitengeneza hema la oksijeni. Mgonjwa wa nimonia alilazwa ndani ya hema hilo, na oksijeni ikaingizwa humo. Ndani ya hema kulikuwa na joto kali, kwa hiyo hewa ilipitishwa penye barafu ili ipoe. Basi fikiria, mtu fulani hana budi kuleta barafu, kumwaga maji ya barafu iliyoyeyuka, kukokota mtungi wenye uzito wa kilo 60 na zaidi kutoka ghalani hadi wodini, kuufungua, kuufunga, na kuurudisha ukiisha.

Mtu huyo hakuwa daktari, na mara nyingi hakuwa nesi pia. Alikuwa mhudumu wa kawaida tu, mwenye nguvu za mikono. Hakuna aliyemfundisha kwa nini mgonjwa mmoja hupata nafuu kwa oksijeni na mwingine, hasa mwenye ugonjwa wa mapafu wa siku nyingi, aweza kuzidiwa na usingizi na hata kufa akipewa nyingi mno. Aliambiwa afungue, akafungua.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili mambo yalianza kubadilika. Mnamo 1943 Dkt. Edwin Levine alianzisha mpango mdogo huko Chicago wa kuwafundisha wahudumu kazini, ili waweze kuangalia upumuaji wa wagonjwa waliotoka kupasuliwa. Mwaka huo huo Dkt. Albert Andrews, naye wa Chicago, alitoa kitabu cha mwongozo kilichoeleza jinsi hospitali inavyoweza kuwa na idara nzima ya tiba ya hewa, yenye watu wake na taratibu zake.

Wanafunzi wa Dkt. Levine ndio waliosukuma jambo hili mbele. Tarehe 13 Julai 1946 walikutana katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Chicago pamoja na madaktari, manesi na wahudumu wa oksijeni, wakakubaliana kuunda chama cha tiba ya kuvuta hewa. Tarehe 15 Aprili 1947 chama kiliandikishwa rasmi katika jimbo la Illinois, kikiwa na wanachama 59.

Kati ya hao 59, watu 17 walikuwa watu wa mashirika ya kitawa. Hilo halikuwa jambo la bahati. Hospitali nyingi za Marekani zilikuwa za masista wa Kikatoliki, nao hawakuwa wasimamizi wa mbali tu. Walishinda na kukesha wodini. Yule aliyejua kwamba mtungi wa kitanda cha saba utaisha kabla ya alfajiri mara nyingi alikuwa sista. Twafikiri pia kwamba watu waliozoea kuishi kwa kanuni na zamu hawakuona ajabu kuulizwa waandike kila kipimo daftarini. Basi wahudumu wa kukokota mitungi na watawa waliketi katika chama kimoja. Twakiri kwamba picha hiyo inatupendeza.

HEWA ILIYOPOFUSHA

Sasa twaja kwenye lile jambo la huzuni. Mnamo 1942 daktari wa macho wa Boston, Theodore Terry, aliandika habari za watoto waliozaliwa kabla ya wakati ambao nyuma ya mboni zao palionekana utando mweupe. Watoto hao walikuwa vipofu. Katika miaka iliyofuata idadi yao iliongezeka, na cha kushangaza ni kwamba waliongezeka zaidi katika hospitali nzuri, zenye vifaa vipya, kuliko katika zile maskini. Wazazi walifurahi kuambiwa kwamba mtoto wao wa kilo moja na nusu ameokoka, kisha baada ya miezi michache waligundua kwamba hafuati taa kwa macho.

Wataalamu walitafuta sababu kila mahali. Walishuku vitamini, walishuku maziwa, walishuku mwanga. Mnamo 1951 daktari mwanamke wa Melbourne, Australia, Kate Campbell, alilinganisha watoto waliopewa oksijeni kwa wingi na wale waliopewa kidogo (huko familia zililazimika kuilipia, hivyo si wote walioipata sawasawa). Aliona kwamba waliopewa nyingi ndio waliopofuka zaidi. Mwaka 1953 hospitali 18 za Marekani zilishirikiana kulijaribu jambo hilo kwa uangalifu, na mwaka 1954 jibu likawa wazi. Mishipa midogo ya damu katika jicho la mtoto njiti bado haijamaliza kukua. Oksijeni ikizidi, mishipa hiyo husinyaa. Baadaye hukua ovyo, huvuta sehemu ya nyuma ya jicho, na kuibandua.

Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 10,000 duniani walipofuka kwa njia hiyo katika miaka ile. Mmoja wao amejulikana kote: mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa mwezi Mei 1950 huko Michigan, wiki kadhaa kabla ya wakati wake.

Hakuna aliyewadhuru watoto hao kwa makusudi. Mashine mpya za kulelea watoto njiti zilifungwa vizuri, hewa haikuvuja kama katika zile za zamani, na oksijeni ilifikiriwa kuwa kama maji: ikiwa kidogo ni nzuri, nyingi ni nzuri zaidi. Tena hapakuwa na njia rahisi ya kuipima. Mwanakemia Linus Pauling alikuwa amebuni kipimo cha oksijeni kwa ajili ya nyambizi za kivita. Kipimo hicho ndicho kilichokuja kutumika kwenye vitanda vya watoto.

Wala mambo hayakuisha hapo. Baada ya 1954 hospitali zilipunguza sana oksijeni, na upofu ukapungua. Lakini watoto wengine ambao wangeishi walikufa kwa kukosa hewa ya kutosha. Hapo ndipo tunapoiona haja ya chama kile cha Chicago kuliko mahali pengine popote. Kati ya kuzidisha na kupunguza pana kipimo chembamba mno, na mtu wa kukilinda usiku na mchana hawezi kuwa mtu aliyeambiwa tu "fungua".

MASISTA NA MITIHANI

Hatua za chama kuanzia hapo zilikwenda haraka kidogo. Tayari mwaka 1950 Chuo cha Tiba cha New York kilikuwa kimetoa taarifa kuhusu viwango vya kazi hiyo. Mwaka 1954 chama cha Chicago kilibadili jina na kuwa chama cha nchi nzima. Mwaka 1956 kilianza kuchapisha jarida la kisayansi, ambalo hata leo linaendelea kwa jina jingine. Mwaka 1960 iliundwa bodi ya usajili ili kusimamia mitihani. Mtu wa kwanza kusajiliwa, mwaka 1961, alikuwa mwanamke na mtawa: Sista Mary Yvonne Jenn. Wale waliodhani kazi ya mitungi ni ya wanaume wenye misuli walipaswa kulisoma jina hilo mara mbili.

Wakati huo huo kazi yenyewe ilikuwa ikikua. Ugonjwa wa polio ulikuwa umewafundisha watu kwamba binadamu aweza kupumuliwa kwa siku na majuma mengi. Mwaka 1928 mashine iitwayo pafu la chuma ilitumika kwa mara ya kwanza huko Boston, kwa msichana wa miaka minane. Mwaka 1952 polio ilipoushambulia mji wa Copenhagen, Denmark, mashine hazikutosha hata kidogo. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alitoboa koo la msichana wa miaka 12 aliyekuwa akifa, akaingiza mrija, na kumpumulia kwa kukamua mfuko kwa mkono. Msichana aliishi. Wanafunzi wapatao 1,500 waliitwa wakamue mifuko kwa zamu, usiku na mchana, kwa miezi kadhaa.

Kisha ulifika mwezi Agosti 1963. Rais John Kennedy na mkewe Jacqueline walipata mtoto wa kiume, Patrick, aliyezaliwa wiki tano na zaidi kabla ya wakati. Mapafu yake hayakuwa yamekomaa. Baba yake alikuwa mkuu wa taifa tajiri kuliko yote, na bado mtoto alifariki siku ya pili. Msiba huo uliwaamsha wengi. Mwaka 1971 Dkt. George Gregory wa San Francisco na wenzake walieleza njia ya kusukuma hewa kwa shinikizo dogo lisilokatika, ili vifuko vya mapafu ya mtoto visifunge kabisa anapotoa pumzi. Njia hiyo, kwa umbo lake rahisi lenye mrija uliozamishwa majini, imefika hata katika hospitali za kwetu na imeokoa watoto wengi.

Mashine zilipozidi, swali la leseni lilizidi pia. Je, yeyote aweza kuajiriwa leo na kesho akapewa mgonjwa wa mashine ya kupumulia? Wapo waliosema kuweka sheria ni kuwanyima maskini kazi na kuzipandishia hospitali gharama. Hoja hiyo ina uzito kwa mwajiri, lakini hatujui mama ambaye angeikubali akiwa amesimama kando ya kitanda cha mwanawe. California ilipitisha sheria ya leseni mwaka 1982, na baada yake karibu majimbo yote yakafuata. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na vyama vya majimbo, ambavyo wanachama wake walitoka zamu na kwenda kuwaona wabunge wao.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, ulimwengu mzima uliona kazi ya watu hawa. Huko Marekani ndio walioshinda kando ya mashine. Huku kwetu manesi na madaktari wa usingizi walibeba mzigo huo, na familia zikahangaika kutafuta mitungi mijini.

UKIWA WODINI

Kwa kuwa katika hospitali nyingi za kwetu hatuna mtaalamu wa namna hii, ndugu wa mgonjwa ana sehemu yake. Kamwe usizungushe kitasa cha mtungi mwenyewe, hata mgonjwa akikusihi, mwite nesi. Usiwashe kiberiti wala jiko karibu, na usimpake mgonjwa mafuta ya mgando puani wala kushika kichwa cha mtungi kwa mikono yenye mafuta, maana oksijeni huchochea moto kwa ukali. Kile kibano kidogo kinachobanwa kidoleni, ambacho wazo lake lilitolewa na mhandisi wa Japani, Takuo Aoyagi, katika miaka ya 1970, huonyesha kiasi cha oksijeni katika damu. Muulize nesi namba anayoitaka kwa mgonjwa wako ni ipi, kisha ukiiona inashuka, sema.

Nawe mama wa mtoto njiti aliyepewa oksijeni, usiondoke hospitalini kabla ya kuuliza lini atapimwa macho na wapi. Kipimo cha kwanza kwa kawaida hufanywa mtoto akiwa na majuma manne hivi, na daktari wa macho akiuona ugonjwa mapema aweza kuuzuia. Kama hospitali yako haina daktari huyo, omba barua ya kwenda hospitali ya rufaa, na uandike tarehe kwenye kadi ya kliniki ya mtoto.