Mlango Uliotangulia Nyumba

Ukipita Barabara ya Enning, wilaya ya Liwan, usiishie kwenye maduka ya chai. Tafuta nambari 177. Hapo ndipo Bahe Huiguan, nyumba ya chama cha wasanii wa opera ya Kikantoni, na milango yake mikubwa ya mbao ina umri kuliko nyumba yenyewe.

Zamani wasanii hawa waliishi majini. Walisafiri na kulala katika mashua nyekundu, wakipita mito ya Guangdong kijiji hadi kijiji. Mwaka 1854 mwigizaji Li Wenmao aliongoza wenzake kuasi utawala wa Qing. Serikali ikapiga marufuku opera na kuvunja nyumba ya chama chao mjini Foshan. Nyumba mpya ilipatikana mwaka 1889 huko Huangsha, kando ya Mto Lulu. Bahe maana yake ni mapatano manane, kwa sababu chama kilikuwa na kumbi nane, kila kundi la wasanii na ukumbi wake.

Vita vilipofika, mabomu ya Wajapani yaliangamiza jumba la Huangsha. Milango ikasalimika. Baada ya vita chama kilihamia Enning, na milango ikafuata.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaelewa jambo hili. Husemwa kwamba Unguja, mjenzi alisimamisha mlango kwanza, kisha nyumba ikaufuata. Hata Bahe, mlango ndio uliotangulia.

Lakini mlango bila wenyeji ni ubao tu. Karibu na hapo, mfereji wa Lizhiwan ulifunikwa mwaka 1992 ukawa barabara. Mwaka 2010, kabla ya Michezo ya Asia, ukafunuliwa, na maji yakaonekana tena. Vichochoro vya Enning navyo vimekarabatiwa, ila wakazi wengi wa zamani wamehama.

UNESCO iliiingiza opera hii katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2009. Hata hivyo, opera huimbwa kwa Kikantoni, na watoto wengi wa mji huu sasa huongea Kimandarini hata nyumbani. Mfereji hufunuliwa kwa mashine. Lugha ikishafunikwa, hufunuliwa na wanaoisema peke yao.

Basi, wanachama wenzangu, twendeni Enning. Tukasikilize kwanza, picha baadaye.