Kelele ya Kuficha Siri

Simu zilizofunguliwa kwenye meza ya fundi mmoja wa Bumbuli hazifanani umri wala bei, ila hakuna isiyokuwa na spika na maiki. Wateja humletea lalamiko lilelile: nasikia, lakini mimi sisikiki. Hupitisha brashi kavu kwenye tundu la maiki, akajirekodi, akajisikiliza, ndipo airudishe. Simu za kulipia kwa kugusisha, anasema, hazimfikii.

Ndiyo maana nilimpelekea habari za Dhwani, ufundi unaofanya kazi kama hiyo ya kugusisha kwa spika na maiki tu. Mwaka 2013 watafiti wa Microsoft nchini India, akiwamo Rajalakshmi Nandakumar, walizifanya simu za kawaida zilizokaribiana zipelekeane taarifa kwa sauti, hadi biti 2,400 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo SMS nzima huvuka chini ya nusu sekunde.

Lakini sauti ni ya kila mwenye sikio. Walichobuni kuificha ndicho kilichoninyima usingizi: simu inayopokea haikai kimya. Inapiga kelele. Inamwaga mvumo usiotabirika juu ya ujumbe wakati uleule unapoingia. Aliyetega maiki pembeni anaambulia mchanganyiko. Mpokeaji anaijua kelele hiyo kwa kuwa ameitunga mwenyewe, na alishapima jinsi spika na maiki yake zinavyoibadilisha. Anaiondoa, ujumbe unabaki. Wawili hao hawakuhitaji kupeana nywila kabla.

Fundi alisikiliza, akaokota spika iliyochanika. Hii, akasema, haitoi sauti uliyoiagiza. Inakwaruza, na kila siku inakwaruza tofauti. Hesabu ya kuondoa kelele itaishikaje? Na maiki ya bei nafuu aliyoibandika jana, itapima sawa na ile iliyotoka kiwandani? Akauliza pia kuhusu mtegaji mwenye maiki nne badala ya moja. Maswali hayo yana uzito, maana simu za Bumbuli ndizo zinazouhitaji zaidi ufundi huu.

Kubwa zaidi kwake ni ruhusa ya programu kutumia maiki. Amewahi kukuta programu ya tochi ikiomba maiki. Mwaka 2016 tume ya biashara ya Marekani iliwaonya watengenezaji 12 wa programu zilizobeba msimbo wa SilverPush, wenye uwezo wa kunasa milio isiyosikika kutoka kwenye televisheni na kujua mtu anatazama nini. Sisi Watanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Fundi anataka kujua ni nani atakayekuja hadi Bumbuli kuikagua tochi hiyo.